SOMO: Maji yamepita juu ya barabara, nivuke au nisubiri?

Kila masika yakianza inbox yangu inajaa swali lile lile: "Mkuu, gari yangu ni four-wheel, hapa napita?" Chini yake picha ya maji ya kahawia iliyopigwa kutoka ndani ya gari, waipa zikionekana. Kwa picha hiyo hakuna mtu anayeweza kukujibu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

Nazungumzia magari ya juu: Land Cruiser, Hilux, Prado, Patrol, Defender na ndugu zao. Mwenye gari dogo asome hatua ya tatu tu kisha azime injini. Njia zangu mimi ni Mto wa Mbu, Engaresero hadi Loliondo, ambako makorongo yanashuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa. Asubuhi unapita kwenye mchanga mkavu, jioni unakuta mto.

1. Simamisha gari mbali na maji, mahali palipoinuka, pua ikielekea ulikotoka.

2. Shuka. Ukiwa kwenye usukani umeshaamua kuvuka, unachotafuta ni sababu tu.

3. Jua kama maji yanapanda au yanashuka. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, kaa dakika ishirini. Maji yanayopanda huja na takataka: matawi, majani makavu, samadi, povu. Yanayoshuka huacha mstari wa unyevu kwenye ukingo juu yake. Usitegemee mawingu ya hapo ulipo, kwa sababu korongo linaleta mvua iliyonyesha milimani saa kadhaa nyuma, na wewe unaweza kuwa umesimama kwenye jua kali. Wapo wafugaji? Waulize juu kulinyesha lini, sio kama gari linapita. Uzuri wa makorongo ya nchi kavu ni kwamba hujaa ghafla na hupungua upesi. Mara nyingi saa chache zinatosha. Rufiji na Kilombero ni habari nyingine, huko maji yakitanda yanakaa, na kazi yako ni kutafuta njia ya kuzunguka.

4. Pima kasi. Tupa kijiti majini, kifuate kwa kutembea ukingoni. Kikikuacha, tandika mkeka. Msukumo wa maji hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima.

5. Ingia kwa miguu, iwapo tu hatua ya 3 na 4 zimekuruhusu. Fimbo mkononi, uso ukielekea maji yanakotoka, mtu ukingoni ameshika kamba. Sio usiku. Mto wenye mamba au viboko huingii kwa miguu, kwa hiyo hata gari haliingii. Unatafuta kina, unatafuta chini kukoje, na unatafuta pa kutokea. Wengi wanasahau hicho cha mwisho: wanavuka katikati salama, wanakwama kwenye utelezi wa ng'ambo huku mkia bado uko majini. Kwenye daraja mfuto (lile la zege la chini, maji hupita juu yake) pima hasa upande maji yanakoelekea, ndiko zege linakoliwa kwa chini. Kwenye kalavati udongo unaweza kuwa umekwenda wote, lami imebaki ikining'inia. Mto mwembamba usikudanganye, palipo pembamba ndipo penye kina, tafuta palipotanuka. Chomeka vijiti kuonyesha mapito yako.

Ukishindwa kutembea, gari nalo lisiingie. Hapa watu hubisha sana: "Mimi kilo 70, gari tani mbili." Soma inayofuata.

6. Fahamu kuwa gari linaelea. Sakafu ya kabini ina ukubwa wa karibu mita za mraba tano. Kila maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu, ndani kukiwa bado kukavu, yanabeba karibu nusu tani. Sentimita 40 juu ya sakafu, tani mbili zimeshabebwa, na matairi yako yanapapasa tu. Nyuma hutangulia kunyanyuka maana injini iko mbele. Vile vipimo vya kiwandani (Hilux sentimita 70, Defender mpya 90, Jimny 30) ni vya maji yaliyotulia. Kipimo changu: maji yaliyotulia, mpaka katikati ya gurudumu napita, mpaka kwenye bampa napita nikiwa nimejiandaa, zaidi ya hapo sipiti. Maji yanayotembea, katikati ya gurudumu ndio mwisho. Mkonga (snorkel, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa) haubadilishi chochote katika haya. Unasaidia injini ivute hewa, haushiki matairi chini.

7. Maandalizi. Abiria washuke. Vioo chini, milango isiwe na loki, mikanda ifunguliwe. Kamba ya kuvutia ifungwe nyuma sasa hivi, sio ukishakwama. Feni inayozungushwa na mkanda, toa mkanda, la sivyo mapanga yatavutwa mbele yakate rejeta. Mwenye mkonga aujaribu nyumbani: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini isipotaka kuzima, kuna mahali inavuta hewa kwa chini, na huo mkonga ni pambo.

Halafu vipumulio vya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu). Hapa nieleze, maana hakuna anayeviuliza. Difu na gia boksi vina vimirija vya kupumulia. Umetembea kilomita mia, difu ni ya moto. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kifupi kinavuta maji, kikiwa kimezibwa na tope maji yanapita kwenye sili za ekseli. Difu ya nyuma ya Hilux niliyokuwa nikiendesha ilikufa hivyo. Tulivuka vizuri, tukapongezana, wiki kadhaa baadaye ikaanza kulia. Kuifungua, oili imekuwa kama chai ya maziwa na beringi zimeshika kutu. Kwa hiyo: refusha mirija hadi usawa wa boneti (mpira wa mafuta na klipu, fundi yeyote anaweza), kagua kila masika kama haijaziba, na acha difu ipoe kabla ya kuingia. Zile dakika ishirini za kijiti zinafanya kazi hiyo bure. Usijidanganye kwamba kwa kuwa umetoka ng'ambo bila kuzima basi umesalimika.

8. Kuvuka. 4L (four-wheel ya gia nzito), gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Usibadilishe gia, usikanyage klachi, usiachie mafuta. Wimbi dogo linalotangulia bampa lifuate, usilipite.

9. Ikizima katikati, USIPIGE SELFU. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, selfu moja inapinda konektingi rodi (chuma kinachosukumwa na pistoni). Livute kwanza, toa plagi au nozeli, fundi azungushe injini maji yatoke. Gari likianza kusogea upande, achana nalo: dirishani, juu ya paa.

10. Ng'ambo: bonyeza breki taratibu zikauke, osha rejeta, kagua oili zote.

MASWALI

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu somo refu. Nina RAV4 new model, pale Jangwani hapa Dar pakijaa inapita?
Mwandishi: Haipiti.

Kijana_wa_Mbagala: Ila juzi Noah imepita naiona kwa macho yangu.
Mwandishi: Sawa, umeiona. Pale mto Msimbazi ukimwagika polisi wanafunga barabara. Wakishafunga hakuna swali la gari gani.

Musyoka254: Mwalimu, mimi ni wa Mwingi, Kenya. Lile basi lililosombwa na mto Enziu, Desemba 2021, lilikuwa linapeleka watu harusini, tukapoteza zaidi ya watu 30. Basi ni zito kuliko hizi Land Cruiser zenu zote. Hilo hunisumbua mpaka leo, lilibebwaje?
Mwandishi: Pole sana ndugu yangu. Uzito peke yake hauokoi. Basi ni refu, kwa hiyo ubavu unaopokea msukumo ni mkubwa mara nyingi kuliko wa gari dogo, na sakafu yake ni pana, ikishaguswa na maji inabeba tani nyingi kwa kila sentimita kumi. Juu yake ongeza kwamba maji yakishafunika njia, dereva haoni kingo. Tairi moja likitoka nje ya zege, hakuna cha kulizuia lisipinduke. Ndiyo maana nasema mtu apite kwanza kwa miguu. Asiyeweza kuona kingo wala kuzipapasa, asubiri.

Sister_Kilosa: Shikamoo. Naendesha Land Rover 110 ya zamani ya mradi wa afya huku Kilosa. Milango inavuja, maji kidogo tu yanaingia miguuni. Niizibe kwa mpira kabla masika hayajakolea?
Mwandishi: Marahaba. Swali zuri kuliko yote, na jibu ni usizibe. Rudi hatua ya 6: gari linaelea kwa sababu ndani kukavu. Lako linapokea maji ndani, hivyo matairi yanabaki chini. Magari mapya yenye sili nzuri ndiyo yanayonyanyuka mapema. Wewe panga chanjo na makaratasi juu ya benchi, usiweke kitu sakafuni. Na hakikisha vipumulio vimerefushwa.

Bwana_Diesel: Mbona kule YouTube wanapita maji yanafika kwenye kioo?
Mwandishi: Maji yametulia, gari lina winchi, gari la pili linasubiri nyuma ya kamera. Wewe una nini?

Bwana_Diesel: Nimeuliza tu mkuu, usinune.
Mwandishi: Sijanuna. Soma hatua ya 4.

Tengeru_Boy: Vijana wa pale korongoni huwa wanasema "pita tu bosi, tunapajua". Niwaamini?
Mwandishi: Wanapajua pa jana. Mafuriko yanahamisha mchanga na kuchimba mashimo mapya kila mara. Tena ukikwama ndipo wanapolipwa kusukuma. Salimia, sikiliza, kisha papasa mwenyewe.

Fundi_Babu: Naongezea. Asiye na mkonga afunge turubai mbele ya grili, likunjwe mpaka chini ya bampa. Maji hayaingii kwa nguvu kwenye injini ilimradi gari lisisimame. Likisimama, turubai halina kazi.
Mwandishi: Kweli kabisa, babu. Na walitoe upesi ng'ambo, injini isichemke.

Mama_Prado: Tulisubiri kama ulivyosema, tukavuka asubuhi, ila maji yalishaingia kidogo jana yake. Zulia linanuka balaa. Nimelianika juu juu na viti vikiwemo.
Mwandishi: Toa viti, ng'oa zulia lote. Chini yake kuna sponji nene, hiyo ndiyo inayonuka, na haikauki ikiwa ndani ya gari. Ianike siku mbili tatu za jua. Kabla ya kurudisha, fungua vizibo vya mpira sakafuni tope litoke, na kama kontroli boksi (kompyuta ya gari) iko chini ya dashibodi upande wa abiria, chomoa waya wa betri kwanza ndipo uiguse.

Mama_Prado: Vizibo viko wapi?
Mwandishi: Chini ya zulia, karibu na miguu, mbele na nyuma. Ni vya duara, vinasukumwa kwa kidole kutokea chini.