Jinsi ya kuomba nafasi ya kusomea kilimo ikolojia Ujerumani: kuanzia transkripti hadi viza

Mwongozo huu ni wa anayemaliza shahada ya kwanza ya kilimo, misitu au mazingira, awe SUA, Egerton au Makerere, na anataka kwenda kusoma uzamili Ujerumani. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo hata kwa sisi tunaotoka nje ya Ulaya. Ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo ukikitaka chuo cha Hohenheim, kilichoko jimboni humo, piga hesabu kwanza.

Ninaowashauri wengi waangalie ni Witzenhausen, mji mdogo kilipo kitivo cha kilimo hai cha Chuo Kikuu cha Kassel. Mwaka 1898 ilianzishwa pale shule ya kuwaandaa Wajerumani kwenda kulima kwenye makoloni, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwaka 1981 mji huohuo ukapata uprofesa wa kwanza wa kilimo hai nchini humo. Leo Kassel na Göttingen wanaendesha kwa pamoja kozi ya uzamili ya Sustainable International Agriculture, na inafundishwa kwa Kiingereza. Ukitafuta kozi nyingine, tumia orodha iliyoko kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, na usikwame kwenye neno “kilimo rejeshi”, yaani kilimo kinachorudishia udongo uhai wake. Mara nyingi halimo kwenye jina la kozi. Tafuta kilimo hai, kilimo ikolojia, kilimo endelevu.

Anza mwaka mmoja kabla. Kozi nyingi huanza Oktoba, na dirisha la maombi hufungwa miezi mingi kabla ya hapo.

Nyaraka kwanza. Cheti cha shahada, transkripti, vyeti vya sekondari, pasipoti, wasifu, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Vilivyoandikwa kwa Kiswahili vipeleke kwa mtafsiri anayetambulika. Kisha igeuze transkripti yako uisome nyuma, kwa sababu ndipo vyuo vingi vyetu vinapochapa maelezo ya madaraja. Mimi niliskani upande wa mbele tu, maombi yakarudi yakidaiwa hayajakamilika, nikapoteza wiki tatu nikihangaikia ukurasa uliokuwa mezani kwangu muda wote.

Ukurasa huo una uzito kwa sababu Wajerumani hubadilisha alama zako kwa kanuni yao. Chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, toa uliyopata wewe. Gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Mwenye GPA ya 3.8 kati ya 5, ambako kufaulu ni 2.0, anapata 2.2. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, kwa hiyo usishtuke ukiona namba imeshuka. Kozi nyingi huweka kikomo karibu na 2.5. Fanya hesabu hii kabla hujalipa senti popote.

Baadhi ya vyuo hupokea maombi kwenye tovuti zao wenyewe, vingine hupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo, ambako ombi la kwanza ni euro 75 na kila la ziada katika muhula huo ni euro 30.

Sasa barua ya maombi, na hapa naomba utulie. Nimesoma barua nyingi za wadogo zetu, na karibu zote zinaanza na “nina shauku kubwa ya kilimo endelevu”. Anayesoma hajaambiwa kitu. Kama umekulia Uchagani, unakijua kihamba: mgomba juu ya kahawa, magimbi chini yake, mti wa mruka ukitoa kivuli, samadi ya ng'ombe wa zizini ikirudi shinani kwenye mgomba, maji yakija kwa mfongo, mfereji wa asili, kwa zamu ya ukoo. Hiyo ni ikolojia iliyopimwa kwa vizazi. Andika ulichokiona: udongo chini ya majani makavu ya mgomba ulivyo mweusi na wenye minyoo, na ulivyo mwekundu na mgumu hatua kumi mbele, pale palipofyekwa pakapandwa mahindi matupu. Kisha useme ni swali gani limekukaa hapo, na ni somo gani la kozi yao litakusaidia kulijibu. Ukurasa mmoja unatosha.

Kuhusu ufadhili, EPOS, programu ya DAAD ya ufadhili wa uzamili kwa wanaotoka nchi zinazoendelea, inataka uwe na angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na kwa kawaida isiwe imepita miaka sita tangu uipate shahada hiyo. Aliyehitimu juzi atafute kazi shambani au kwenye shirika la wakulima kwanza. Miaka hiyo itaingia hata kwenye barua.

Ukipata barua ya kukubaliwa, omba miadi ya ubalozi siku hiyohiyo. Viza ni euro 75. Usiye na ufadhili utaonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unayoruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Kiwango hiki hupandishwa, kithibitishe kwenye tovuti ya ubalozi. Ukiwa huko unaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, lakini fedha za mwaka wa kwanza zisitegemee hilo. Andaa pia bima ya afya.

Ukifika, jiandikishe makazi kwenye ofisi ya mji, kisha omba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Nyaraka halisi zikae kwenye begi la mkononi.

Na mbegu za nyumbani, najua utatamani kuzibeba. Umoja wa Ulaya hauziruhusu bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi zinapita.