Somo: Bango la taa zinazokimbia, la kuhimili chumvi ya Mombasa

Bango hili nimemtengenezea mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara, Kisauni. Ni la pili. La kwanza nilimfungia mimi mwenyewe na likazimika mwezi wa tatu. Nilipolishusha nikachana mkanda mweusi wa kiungo kimoja, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na waya ukakatika kwa kuguswa na ukucha tu. Nikafungua kiungo cha pili, cha tatu, vyote hali moja. Pikseli zenyewe, yaani zile taa, zilikuwa nzima. Mama alikuwa ametoa pesa zake za miezi, na ilinibidi nimrudishie kazi bila malipo. Ndiyo maana somo hili litakaa sana kwenye viungo na kidogo tu kwenye madoido.

Tuanze na jinsi linavyofanya kazi. Katika bango hili hakuna taa inayokwenda popote. Moja inazima, jirani yake inawaka, na jicho linaziunganisha likaona kitu kinachotembea. Max Wertheimer alilieleza jambo hili mwaka 1912 huko Ujerumani: nafasi kati ya taa na taa ikiwa karibu milisekunde 60, mtu huona mwendo mmoja laini. Ikiwa ndefu sana anaona taa mbili zinazopokezana, ikiwa fupi sana anaona zote zimewaka pamoja. Ishike hiyo 60, tutairudia.

Taa ninazotumia ni pikseli za WS2811 za volti 5, zenye kichwa cha milimita 12, zinazouzwa kwa kamba ya taa 50. Ndani ya kila moja mna taa tatu ndogo (nyekundu, kijani na buluu) na chipu yake. Kontrola, kifaa kinachoziagiza taa, hutuma data kwa waya mmoja. Pikseli ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo, ambazo ndizo rangi yake, kisha hupitisha zilizobaki kwa jirani. Ni kama sinia la biriani linalopita mkekani, kila mtu anachukua fungu lake na kusukuma mbele. Mmoja akiziba njia, wa nyuma yake wote wanalala njaa.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kununua

Bango ni sentimita 240 kwa 60, neno ni MAHAMRI, herufi zina kimo cha sentimita 30. Chora kila herufi kwa mstari mmoja kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, kisha weka alama kila baada ya sentimita 3. Kwangu M ilikula taa 32, A 25, H 25, R 28 na I 11. Jumla 178. Ukingo, taa moja kila sentimita 5, ni 120. Zote 298, yaani kamba sita. Nunua saba, na zote kutoka kundi moja dukani. Ukirudi mwakani kutafuta ya kubadilishia, nyeupe yake haitafanana na hizi, na bango litaonekana lina kiraka.

Stima: pikseli moja ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Mara 300 ni ampea 18, na kwa volti 5 hizo ni wati 90. Pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza stima ya nyumba kuwa volti 5, usiikamue zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa joto letu mimi hupunguza zaidi. Chukua ya volti 5, ampea 40. Ipime mkononi kabla hujalipa. Niliwahi kuuziwa moja iliyoandikwa 40 lakini nyepesi kama kopo tupu, na kwa ampea 15 tu ikawa haishikiki kwa moto.

Hatua ya 2: Ubao na matundu

Tumia alukobondi (ubao wa plastiki uliovikwa alumini pande mbili) nyeusi isiyong'aa. Nyeupe hurudisha jua na rangi hupotea mchana. Toboa tundu la milimita 12, lakini jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa: pikseli iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na ibane yenyewe. Fremu iwe ya alumini na skrubu ziwe za stenlesi. Skrubu ya kawaida italia machozi ya kutu usoni mwa bango kabla ya mvua za masika kwisha.

Hatua ya 3: Kupanga kamba

Kila pikseli ina mshale au maandishi DI na DO. Data huingia DI na kutokea DO, hairudi nyuma. Hapa wengi hukosea kwa sababu kazi inafanyika nyuma ya bango, ambako M ya kwanza iko mkono wako wa kulia. Andika majina ya herufi kwa chokaa nyuma ya ubao kabla ya kusukuma taa hata moja. Nenda M, A, H, A, M, R, I, kisha ingia ukingoni na uzunguke.

Usiamini rangi za nyaya. Nimeona kamba ambazo hasi yake ni nyeupe na nyingine buluu. Fuata maandishi yaliyo kwenye pikseli.

Hatua ya 4: Kulisha stima

Ukilisha upande mmoja tu, volti huchoka njiani. Utaiona kwa macho: agiza nyeupe, na kuelekea mwishoni itakuwa ya njano, kisha ya wekundu. Taa ya buluu na ya kijani zinahitaji karibu volti 3 ili ziwake vizuri, nyekundu hutosheka na karibu 2, kwa hiyo nyekundu ndiyo hubaki ya mwisho. Peleka nyaya mbili, chanya na hasi, za milimita za mraba 1.5, kutoka pawa saplai hadi mwanzo wa kila kamba ya taa 50. Washa nyeupe yote, pima kwa multimita mwisho wa kila kamba. Ikishuka chini ya 4.5, lisha na upande huo pia.

Hasi ya kontrola na hasi ya pawa saplai lazima zikutane. Zisipokutana, data haina mahali pa kupimia na taa zitacheza ovyo.

Hatua ya 5: Viungo

Hapa ndipo la kwanza lilikufa, kwa hiyo nakuomba usiharakishe. Upepo wa kusi hubeba chumvi laini hata usipoiona. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi uonje. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na palipo na unyevu, chumvi na stima inayopita, shaba inaliwa usiku na mchana. Mkanda mweusi hauzuii kitu. Gundi yake huyeyuka kwa joto, unalegea, na maji yakiingia hayatoki.

Kata soketi za plastiki zinazokuja na kamba, ziweke kando. Kwaruza waya hadi shaba ing'ae. Valisha mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, kabla hujaunganisha, maana ukisahau hauna pa kupitia tena. Sokota, piga solda hadi iingie ndani ya nyuzi na si kukaa juu kama tone. Telezesha mpira, upashe moto polepole kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka uone gundi inachungulia ncha zote mbili. Gundi isipotokeza upande mmoja, kiungo hicho bado kiko wazi. Kirudie.

Juu yake paka silikoni, lakini inuse kwanza. Ikinuka siki, iache. Asidi yake hula shaba, na utakuwa umemfungia adui ndani ya nyumba. Tafuta isiyonuka siki.

Hatua ya 6: Sanduku la stima

Pawa saplai za aina hii zina skrubu za volti 240 zilizo wazi. Zikae ndani ya sanduku, chini ya paa, matundu ya hewa yakitazama chini. Kila waya unaoingia ushuke tumbo kwanza kisha upande, ili maji yadondokee pale chini badala ya kuufuata ndani. Ardhi iunganishwe kwenye fremu ya alumini. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 3 au 5, si 13. Upande wa 240 umwachie fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati), naye aweke swichi ya kukata stima inapovuja, ile ya miliampea 30. Watoto hushika fremu hizi wakisubiri mahamri.

Hatua ya 7: Mwendo

Mimi hutumia kontrola ya T-1000S yenye memori kadi, na michoro hutengenezwa kwenye kompyuta kwa programu ya LEDEdit. Ukiagiza nyekundu ikatoka kijani, badilisha mpangilio wa rangi kwenye programu, usiguse waya.

Sasa fikiria msomaji wako. Matatu ikienda kilomita 30 kwa saa inakata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Bango likianza kuonekana mita 50 kabla, abiria ana sekunde 6. Ikiwa katika sekunde hizo herufi zinapasuka, zinamwagika na kugeuka upinde wa mvua, atakumbuka rangi na hatajua kinachouzwa. Kwa hiyo neno nimeliacha limetulia, rangi ya dhahabu, karibu muda wote. Kila baada ya sekunde 20 herufi zinazima na kuwaka moja moja kwa sekunde 2 tu. Mwendo wote nimeupeleka ukingoni: kundi la taa kumi za buluu linalozunguka, hatua moja kila milisekunde 60. Taa 120 mara 60 ni sekunde 7 na kidogo kwa mzunguko mmoja. Ukilitazama unaona maji yanazunguka jina.

Mwangaza wa usiku, asilimia 30 hadi 40 inatosha. Na tafadhali, msiweke kupepesa kwa haraka. Kumulika zaidi ya mara tatu kwa sekunde kunaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na dereva anayepofuka usiku ni hatari kwa wote.

Kabla ya kulipandisha, mwenye duka apate kibali cha tangazo kutoka serikali ya kaunti. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huko uliza kabla hata ya kuchora.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Likoni: Fundi, langu linawaka sawasawa hadi herufi ya nne, kisha zinazofuata zinatoa rangi za ovyo. Nimebadilisha kontrola, bado.

Jibu: Kontrola haina kosa. Tafuta mahali ubovu unapoanzia. Tatizo liko kwenye pikseli ya kwanza mbovu au ile ya mwisho nzima iliyo kabla yake, au waya kati yao. Kwanza pima volti hapo, ikiwa 4.5 na zaidi, kata zote mbili uweke mpya. Angalia mshale kabla ya kupiga solda, ndugu yangu. Pikseli iliyogeuzwa hutoa dalili hizo hizo.

Mwanachama, Mikindani: Dada zangu wana saluni na wanaogopa tokeni. Bango kama hili litakula uniti ngapi?

Jibu: Wati 90 ni pale tu zote zinapowaka nyeupe kamili. Kwa dhahabu na buluu zilizopunguzwa mwangaza, weka wati 30. Saa 6 kila usiku kwa siku 30 ni uniti 5.4. Ongeza upotevu wa pawa saplai, sema 6 hadi 7 kwa mwezi. Waambie wasiogope.

Mwanachama, Kongowea: Kibanda changu hakina stima. Naweza kutumia betri ya sola ya volti 12?

Jibu: Unaweza, lakini usiunganishe moja kwa moja, utaziunguza pikseli zote kwa pigo moja. Weka kibadilishaji cha kushusha 12 hadi 5, chenye uwezo wa ampea 20 na zaidi, na fyuzi karibu na betri. Wati 30 kwa saa 5 ni wati-saa 150, karibu ampea-saa 13. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo tafuta ya 40 upate nafasi.

Mwanachama, Majengo: Kuna muuzaji ananiambia zake ni neoni halisi. Ni bora kuliko hizi?

Jibu: Mwulize kama ni kioo. Neoni halisi, aliyoionyesha Georges Claude mjini Paris mwaka 1910, ni mrija wa kioo wenye gesi, unaotaka maelfu ya volti. Ukiona inapindika mkononi kama mpira na inatumia volti 12, hiyo ni taa ya LED ndani ya silikoni. Si mbaya, inapendeza, lakini ile ya rangi moja haikimbii, na bei isiwe ya kioo.

Mwanachama, Mji wa Kale: Bwana fundi, mzee wangu anataka jina la duka kwa herufi za Kiarabu. Nipange kamba kutoka kulia?

Jibu: Kamba panga upande wowote unaorahisisha waya, programu itakubali. Kinachohitaji kulia kwenda kushoto ni mwendo wenyewe. Herufi zikiwaka moja moja kutoka kushoto, msomaji wa Kiarabu anaanza kuona mkia wa neno kabla ya kichwa. Tena Kiarabu kimeungana, kwa hiyo usiwashe herufi nzima nzima: washa pikseli moja moja, wino unavyofuata kalamu, na nukta ziwashe mwisho kama mkono wa mwandishi unavyofanya. Sentimita 3 kati ya taa na taa ni mbali mno kwa mikunjo ile, weka 2. Chora kwanza kwenye karatasi, umpelekee mzee asome akiwa ng'ambo ya barabara.