Wikendi ya Wawili kwenye Maporomoko ya Victoria
Wenzi wanaopanga kukaa siku mbili kwenye Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, wachague mwezi kabla ya kuchagua hoteli. Mto Zambezi hujaa sana kati ya Machi na Mei, na ingawa ngurumo yake wakati huo hutetemesha kifua, manyunyu huwa mazito kiasi cha kulificha pazia lenyewe la maji, lenye upana wa takriban mita 1,700 na kimo cha mita 108. Oktoba na Novemba maji hupungua, na upande wa Zambia sehemu kubwa ya mwamba hubaki kavu, hivyo ni afadhali kulala upande wa Zimbabwe. Kwa maoni yangu, Juni na Julai ndiyo miezi inayowafaa wawili. Usiku wa mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa ili wageni wauone upinde wa mvua unaochorwa na mbalamwezi, jambo ambalo kwa hakika linastahili kupangiwa safari nzima. Chukueni makoti ya mvua, na pasipoti zifungeni ndani ya mfuko usiopitisha maji.