Ufunguo ndani ya jina la mtulinga

Unapokariri majina ya mifupa, livunje jina la Kilatini la mtulinga, mfupa ulio kati ya kidari na bega, vipande viwili: clavicula ni clavis, yaani ufunguo, pamoja na kiishio cha udogo -cula. Wajerumani husema Schlüsselbein, mfupa wa ufunguo. Warusi nao wamelijenga klyuchitsa juu ya neno lao la ufunguo. Ukiinua mkono juu, mfupa huu huzunguka kwenye mhimili wake kama ufunguo kitasani, picha nzuri sana ya kukumbukia.

Wengi huchanganya clavis na clavus, msumari. Na ukikuta cleido-, kama katika jina la msuli wa shingo, sternocleidomastoideus, usitafute mfupa mwingine: ni kleis, ufunguo kwa Kigiriki. Msuli huo huanzia kidarini na kwenye mtulinga, ukaishia nyuma ya sikio.