Ushindani: jinsi ya kulitumia neno hili, na kulipima kwenye gunia la mchele

Ukiandaa andiko la mradi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu), sehemu ya soko huwezi kuiandika bila kugusa neno ushindani. Vikundi vingi vya Mbeya na Kyela huandika hivi: "Mchele wetu una ushindani mkubwa sokoni." Sentensi hiyo inasomeka kwa namna mbili. Ama mchele wenu una nguvu kuliko wa wengine, ama wauzaji wamejaa na mtapata tabu kuuza. Anayepitia andiko hawezi kujua mlikusudia ipi, na akichukua ile ya pili mmejiharibia wenyewe.

Tuanze na mzizi. Shinda ni kumzidi mwenzako, ni kukaa kutwa nzima ("ameshinda shambani"), na ni kulinganisha ("mtamu kushinda ule wa jana"). Ukisema shindana, sasa wako wawili au zaidi na kila mmoja anataka kumzidi mwingine. Hapo ndipo wanapotoka mshindani, mashindano na ushindani. Ushindi haumo katika kundi hili, unatoka kwenye shinda moja kwa moja, maana wenyewe ni matokeo. Anayesema "tunatafuta ushindani" huku anataka kuuza kuliko jirani yake amekosea. Anachotafuta ni ushindi.

Kiingereza kimetenga neno moja kwa kule kushindana na lingine kwa uwezo wa kushindana. Kiswahili kinabeba yote mawili kwa ushindani, na maneno ya jirani ndiyo yanayotofautisha. Njia rahisi ya kujipima ni hii: ondoa ushindani, weka "kinyang'anyiro", kisha jaribu "ubavu wa kushindana". "Ushindani wa wauza mchele Mwanjelwa (soko la jijini Mbeya) ni mkali" inakubali kinyang'anyiro, kwa hiyo unazungumzia soko. "Mchele wa Kyela una ushindani hata Dar es Salaam" inakubali ubavu, kwa hiyo unazungumzia bidhaa. Ikikubali yote mawili, kama ile ya kwanza kabisa, iandike upya. Ukikusudia nguvu ya bidhaa, sema "unahimili ushindani" au "una uwezo wa kushindana". Ukikusudia wingi wa wauzaji, sema "ushindani ni mkali".

Tume ya Ushindani ya Tanzania inatumia neno kwa maana ya kinyang'anyiro. Kazi yake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni kulinda kinyang'anyiro kiwe cha haki, haihusiki na kuupa mchele wako nguvu. Ndiyo maana wauzaji wakikaa na kupatana bei moja ili mnunuzi akose pa kukimbilia wanavunja sheria, hata kama kila mmoja wao anajiita mfanyabiashara mwenye ushindani. "Zabuni ya ushindani" nayo iko upande huo. "Bei ya ushindani" inayoandikwa kwenye mabango haimwambii mteja chochote mpaka umwambie bei yenyewe.

Kwa mtu, usiandike "ana ushindani". Sema "ana moyo wa ushindani".

Sasa upande wa ubavu, maana huko ndiko pesa iliko. Kila unapolitumia neno kwa maana hii, jibu maswali matatu: unashindana na nani, kwa kipi, na mbele ya mnunuzi yupi? Mchele wa Kyela unaoshindana na wa wilaya ya Mbarali kwa bei ni habari moja. Ukishindana nao kwa harufu ni habari nyingine. Saro 5, aina ya mpunga inayolimwa sana Mbarali, inazaa kwa wingi, kwa hiyo mkulima wake anaweza kuuza chini na bado akapata faida. Ukimfuata huko kwenye bei utaumia.

Ubavu wa bei unapimwa kwa gharama ya kilo moja ya mchele ulio tayari kuuzwa. Usiipime kwa debe wala kwa gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kiasi), kwa sababu havilingani kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Tumia mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Koboa kwanza kilo 10 za majaribio. Pima mchele uliopata, kisha pepeta kwa ungo na upime chenga, yaani punje zilizovunjika, peke yake.

Chukua mfano wa kilo 100 za mpunga kwa Sh 1,000 kila kilo, yaani Sh 100,000. Usafiri hadi Mbeya weka Sh 4,000, gunia Sh 1,000, upakiaji na ushuru Sh 2,000. Kukoboa weka Sh 50 kwa kila kilo ya mchele. Mpunga ukitoa kilo 65, kukoboa ni Sh 3,250 na jumla ni Sh 110,250. Gawa kwa 65: kila kilo imekugharimu karibu Sh 1,696. Mpunga huohuo ukitoa kilo 60, jumla inakuwa Sh 110,000, na ukigawa kwa 60 unapata Sh 1,833. Umepoteza Sh 137 kwa kila kilo kabla hujafika sokoni, na hakuna mshindani aliyekuibia. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, weka zako.

Hasara hiyo mara nyingi huanzia kwenye kukausha, na Kyela ina unyevunyevu mwingi kiasi kwamba watu hufanya haraka jua likitoka. Punje ikikaukia juu ghafla huku ndani bado ina maji, inapata nyufa usizoziona. Mashine inazipasua, unapata chenga. Punje iliyokauka kisha ikanyeshewa au ikalala kwenye umande inapasuka vilevile. Tandaza kwenye turubai kwa unene wa sentimita 2 hadi 4, geuza kila nusu saa, funika jua likiwa kali sana mchana, na kusanya kabla ya umande. Usianike pembeni mwa lami, mchele utatoka na mchanga na kokoto. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 14. Kama huna kipimo, bana punje kwa meno: ikibonyea bado ina maji, ikivunjika kwa mlio mkavu iko tayari. Mashine yenye roli za mpira huvunja punje chache kuliko zile za zamani za chuma, hivyo nauli ya kuifuata mara nyingi inajilipa.

Ubavu wa harufu una adui mmoja, nao ni mchanganyo. Mchele mwingine ukichanganywa na wa Kyela na kuuzwa kwa jina la Kyela, mteja akipika anajua, na anayepoteza jina ni kila mkulima wa bonde lile. Tunasikitika kuona hili likifanywa na watu wa nyumbani. Weka sampuli ya kila mzigo kwenye mfuko uliofungwa, na mruhusu mteja apike robo kilo kabla hajachukua gunia.

Ukishapata namba zako, ile sentensi ya mwanzo andika hivi:

"Tunauza mchele wa Kyela kwa rejareja Mwanjelwa. Washindani wetu wakuu ni wauzaji wa mchele wa Mbarali, ambao bei yao iko chini ya yetu. Tunashindana nao kwa harufu na kwa kutochanganya. Kilo 100 za mpunga zinatupa kilo 65 za mchele, na kilo moja inafika sokoni kwa Sh 1,696."

Hesabu hiyo irudie kila unaponunua mzigo mpya, hasa kuanzia Mei na Juni mavuno yanapoingia na bei ya mpunga kubadilika.