Makala yako imefungwa kwa dola? Namna ya kuiweka wazi bila kugombana na jarida

Bwana shamba mmoja wa huku Uyole aliniomba makala yangu ya viazi, manake ndo yeye alinizungusha kwa wakulima wiki mbili nzima kwenye ile baridi ya mwezi wa sita, nikamtumia linki kwa mbwembwe zote. Akanijibu, "Mwalimu, mbona inataka dola 40?" Aisee niliona aibu. Kujaribu kuifungua mwenyewe, kumbe na mimi niliyeiandika natakiwa nilipe, haki zote nilishasaini kulipa jarida bila kusoma. Kwahiyo naandika hapa kwa walimu wenzangu na wanafunzi wa masta, msirudie ujinga wangu.

Kwanza elewa makala ina sura tatu. Kuna mswada uliotuma mwanzo, kuna mswada uliokubaliwa, yaani umeshasahihisha yote waliyodai wahakiki ila bado uko kwenye Word yako, halafu kuna PDF iliyopangwa na yenye nembo ya jarida. Wengi wanakimbilia kupakia hiyo ya mwisho, na ndo inayoleta kesi. Ya katikati ndo mali, majarida mengi yanakuruhusu kuiweka wazi, mengine papo hapo na mengine mpaka ipite miezi 6, 12 au hata 24. Masharti ya jarida lako utayakuta kwenye tovuti ya Sherpa Romeo, ambayo siku hizi iko ndani ya Open Policy Finder ya Jisc, shirika la Uingereza linalohudumia vyuo, andika tu jina la jarida. Na tafadhali siku makala inakubaliwa hifadhi hilo faili hapohapo, mimi langu nililitafuta kwenye flashi tatu.

Pa kuiweka: anza na mkutubi wa chuo chako, muulize kama kuna hazina ya machapisho mtandaoni. Kama haipo au imelala tumia Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, hulipi hata senti na unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala.

Sasa hapa ndo ugomvi wa vikao unapoanza, chuo kiwalazimishe walimu kuweka makala zao wazi au kiwaombe? Wazee wanasema kulazimisha kunaingilia uhuru wa mwanataaluma, afu jarida kubwa likikataa makala yangu kwa sababu ya sera hiyo nani atanipandisha daraja. Vijana wanasema utafiti umelipwa na kodi, mwananchi alipishwe mara ya pili kwa lipi. Wote wana hoja ila mi naona njia ya Harvard ya Februari 2008 inawatosha: walimu wa kitivo cha sanaa na sayansi walipiga kura wenyewe, wakakipa chuo ruhusa ya kusambaza makala zao, na mwalimu ambaye jarida lake ni korofi anaomba kuondolewa kwenye sera kwa makala hiyo tu, anapewa. Kwahiyo kama chuo chenu kinaandika sera pigania hivyo vitu viwili, ruhusa iwe ya moja kwa moja na mlango wa kutokea uwepo. Na cha tatu ambacho watu wanakidharau, atajwe mtu wa maktaba wa kupakia, bila huyo sera itakaa kabatini.

Kuhusu kulilipa jarida ili makala iwe wazi, usikurupuke. Ada za majarida makubwa ni maelfu ya dola, Nature walipotangaza yao 2020 ilikuwa euro 9,500, piga hesabu kwa mshahara wa tutorial asistanti ucheke mwenyewe. Wachapishaji wengi wana msamaha wa ada kwa nchi zenye kipato cha chini ila omba kabla hujatuma makala, ukishakubaliwa wengine hawakusikilizi. Jarida likikuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa dola 100 hayo ni magumashi, litafute kwanza kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, na kama halipo ongeza maswali. Kuna majarida pia hayamtozi mwandishi wala msomaji, na pale AJOL (African Journals Online) utakuta mengi ya Afrika, yapitie hayo kabla ya kuingia madeni.

Ukishapakia andika ukurasa wa kwanza kwamba huu ni mswada uliokubaliwa, weka DOI ya jarida, chagua leseni ambayo jarida limeruhusu. Faili usiliite "final final 3". Punguza uzito wa picha pia, manake bwana shamba anafungua kwa bando la mia tano akiwa shambani, mimi toleo la kwanza lilikuwa MB 38 akaniambia limegoma.