Unataka kujiunga Bundeswehr, jeshi la Ujerumani? Jinsi ya kwenda sawa na watu wa MAD

Kwanza uwe na uraia wa Ujerumani, bila huo huwi mwanajeshi wao, usipoteze muda. Ukishaingia, jina utakalosikia sana ni MAD, idara ya usalama ya jeshi hilo, na wengi wetu tukisikia usalama wa jeshi akili inaenda kwenye pingu na gari jeusi usiku. Wale hawana hata mamlaka ya kukamata mtu. Wapo tangu 1956, makao yao Köln, kazi ni kulinda jeshi kwa ndani dhidi ya majasusi, hujuma na wanajeshi wenye siasa kali. Ujasusi wa nje ni wa BND, uraiani ni BfV.

Utaanza nao kwenye upekuzi. Fomu inauliza ulishaishi wapi nje, madeni, kesi, na kwa kazi nyeti mwenza wako naye anachekiwa. Jaza yote. Ile miaka uliyokaa Dar au Mombasa iandike, deni la benki liandike, maana deni lenyewe si tatizo sana, ulilolificha ndo mtu atakushikia bango nalo baadaye.

Halafu simu, hapa ndo watu wanaangukia. Machi 2024 Warusi waliachia hewani rekodi ya dakika 38, maafisa wa jeshi la anga akiwemo mkuu wao wa wakati huo Ingo Gerhartz wanajadili makombora ya Taurus. Hakuna aliyepandikizwa mle ndani, waziri wa ulinzi Pistorius alisema afisa mmoja alikuwa Singapore akajiunga kwa njia isiyo salama, basi, na MAD ndo wakabaki kuchunguza. Jenerali mzima! Kwa hiyo ukiwa hotelini mambo ya kazi usiyaguse kabisa, na apu za kukimbia zima lokesheni, 2018 ramani ya Strava ilichora kambi za Wamarekani kwa mazoezi ya askari wenyewe.

Akitokea rafiki mpya mkarimu anayelipia kila kitu na anataka kujua kikosi chenu kinaenda lini, usimpime mwenyewe wala usimblock kimyakimya, nenda kwa afisa usalama wa kikosi siku hiyohiyo, mwambie jina alilotumia, mlikutana wapi, aliuliza nini. Chati usifute.

Na ukiona wenzako wanapiga saluti ya Hitler kwenye pati usidhani ni utani wa kambini, hiyo nayo ni kazi ya MAD. 2020 kombania nzima ya makomando wa KSK ilivunjwa kwa mambo hayohayo. Ripoti vilevile, kwa afisa yuleyule.